Mbao Nane za Libuyu

Euphrasie, mnunuzi wa jibini kutoka mjini, aliipindua jibini mbele za watu. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kama mtu anayekagua soli ya kiatu kabla ya kukinunua, na wote waliokuwa wamepanga mstari pale kijijini Muheto wakaona. Upande wa chini ulikuwa na unyevu, umebonyea katikati, na ukungu mweusi umeanza kushika pale ambapo hewa haikupita. Wafugaji wengine wakatazama pembeni kwa adabu, lakini hakuna aliyekosa kuona.

"Papa Shyaka," akasema Euphrasie, "hizi fromaji ziko nalala fasi gani?"

"Juu ya mbao zangu. Zile za siku zote."

"Basi mbao zimepinda. Angalia, fromaji imefanya tumbo. Mi nikipeleka hii mu mujini watanicheka." Akachagua jibini nne nzuri, akazirudisha nyingine kumi na moja ndani ya kikapu kilekile kilichozileta. "Nitarudi siku ya posho ya pili. Nikikuta mbao ziko vile, nitachukuliaka kwa bengine. Musinikasirikie."

Jumamosi ya pili ilikuwa siku kumi na nne mbele. Narcisse Ndagijimana, huyo Papa Shyaka, alisimama, mkono wake wa kulia umelala ndani ya koti bila kazi, na kwa mara ya kwanza tangu apigwe na kiharusi akatamani kiharusi kile kingemmaliza kabisa. Ni maneno makubwa kwa ajili ya jibini, najua. Lakini mtu ambaye hajasifiwa kwa kitu kimoja kwa miaka ishirini na sita asimcheke. Katika vilima vyote vya kuzunguka pale, ulipotaja jibini iliyokaa sawa, ulitaja mbao za Narcisse.

Mbao hizo zilikuwa nane, za mti wa libuyu, na alizileta mwenyewe kutoka Mpofi, kule Walikale, alipokuwa kijana asiye hata na mke. Jibini ya Masisi hulala juu ya ubao miezi miwili, ikigeuzwa kila siku, na ubao nao hunywa maji yake. Ubao unaokunywa maji hupinda. Kwa hiyo kila mwaka, wiki moja kabla ya Pasaka, Narcisse alikuwa akizitoa mbao zake nje, akazipiga randa mpaka zikalala tena. Sasa zilikuwa zimepita Pasaka tatu bila randa kuguswa.

*

Walirudi nyumbani. Mkewe, Verdiane, alikiweka kikapu chini, akaanza kuzifuta zile jibini kumi na moja kwa kitambaa cha chumvi, moja baada ya nyingine, kana kwamba hakuna lililotokea. Narcisse akakaa mlangoni akitazama kilima.

Alikuwa akiikumbuka wiki ile ya kabla ya Pasaka. Asubuhi ng'ombe wakishatoka, yeye aliweka ubao wa kwanza juu ya benchi, akasimama upande wa kichwa chake, akasukuma randa hadi mwisho, akaiinua, akarudi nyuma hatua mbili, akasukuma tena. Takataka za mbao zilitoka ndefu na nyembamba, na watoto wakazitundika masikioni wakijifanya mabibi harusi. Majirani walikuja na vikapu kuzichukua za kuwashia moto, na hakuna aliyeondoka bila kunywa maziwa. Ng'ombe walikuwa wengi hata mtu hakuona haya kuyamimina. Ukiwasikiliza watu wa Masisi, zamani hata mvua ilikuwa ikibisha hodi kabla ya kunyesha. Narcisse naye alikuwa mtu wa Masisi, na katika hilo la maziwa hakuwa akidanganya.

"Kule Kitshanga iko mashini," Verdiane akasema bila kuinua kichwa. "Ile ya ushirika ya bamenuizie, bafundi ba mbao. Wanasema inalalisha mbao mpaka ukiweka yai haitembee."

"Mashini haijue mbao zangu."

"Wewe unazijua, lakini mukono haitake. Tutafanya aje?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na papo hapo akatamani kulirudisha. Narcisse aliusukuma mkono ule ndani zaidi ya koti. Akasema:

"Umwambie mutoto wetu Shyaka atume zingine kutoka Mpofi."

"Mutoto wako anasema barabara haipitike. Na hata ikipitika, libuyu mubichi itatia harufu mu fromaji mwaka muzima. Ni wewe njo ulinifundisha."

"Basi fanya vile unataka."

Aliyewahi kuishi katika ndoa anajua kwamba hiyo si ruhusa. Verdiane naye alijua, lakini aliichukua kama ruhusa, kwa sababu siku zilikuwa zinahesabika.

*

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la heshima. Muheto, mtu hapeleki chombo kichafu kwenye nyumba ya wengine. Hata ukirudisha kibuyu cha jirani, unakiosha kwanza, ingawa aliyekupa atakiosha tena. Verdiane akaona aibu kupeleka mjini mbao zinazonuka maziwa yaliyochacha. Akachemsha sufuria kubwa ya yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa, akatia chumvi, akazisugua mbao zote nane pande mbili mpaka jasho likamdondoka. Kesho yake alizifunga juu ya pikipiki moja, akapanda nyingine, wakashuka Kitshanga.

Karakana ya ushirika ilikuwa nyuma ya soko la ng'ombe. Maseremala watatu walikuwa mlangoni, na mmoja wao akamtazama Verdiane, akazitazama mbao, akamtazama tena.

"Bwana yako iko wapi, Mama? Mambo ya mbao tunaongeaka na mwenyewe."

"Mwenyewe njo huyu amekuja nazo," ikasema sauti kutoka ndani. "Karibu, Mama."

Aliyesema alikuwa Mukundwa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kalamu ya risasi imechomekwa katika nywele. Ndiye aliyeendesha mashine. Mashine yenyewe ilikuwa meza pana yenye daraja la chuma juu yake, na kwenye daraja kulikuwa na kisu cha duara, kipana kama kitako cha kikombe, kinachozunguka huku kikitembea. Kisu hakikwenda kwa hiari yake. Mukundwa alikichorea njia kwenye kompyuta, ordinateri kama walivyoiita, nacho kikaifuata.

"Angalia, Mama. Kulalisha ubao iko njia tatu." Akamwonyesha mistari kwenye kioo. "Hii ya kwanza, kisu inaenda na kurudia, inakata kila safari. Dakika makumi mbili, ubao imeisha. Hii ya pili inazunguka, inaanzia kandokando na kumalizia mu katikati. Lakini kule kwa vichwa vya ubao itakata kwa kupingana na nyuzi za muti. Sitaki. Hii ya tatu inakata ikienda tu. Ikifika mwisho inainuka, inarudi mutupu, inaanza musitari ingine. Inatoka safi zaidi, lakini inakula wakati mara mbili."

"Wewe unasema tufanye gani?"

Mukundwa alitazama pembeni, ambako milango kumi na minne ya shule moja ilikuwa imeegemezwa ikisubiri zamu. Jenereta ilikuwa na mafuta ya saa nne tu.

"Leo tufanye ya kwanza," akasema.

Ubao wa kwanza ulitoka unang'aa, mwekundu kama siku ulipopasuliwa. Verdiane akashika mdomo kwa furaha. Lakini Mukundwa alikuwa ameokota unga wa mbao, akaufinya, nao ukashikamana mkononi mwake.

"Mama, hizi mbao ziliguswa na maji?"

"Nilizisafisha jana. Siwezi leta uchafu kwa bantu."

Maseremala wa mlangoni wakacheka. Mukundwa alizima mashine, naye hakucheka.

"Mbao ikikunywa maji inavimba, Mama. Mimi nimelalisha ule uvimbe. Ikikauka, itarudia kupinda. Peleka zote nyumbani, zikauke kwa kivuli siku munane, kisha urudi. Hii yenye nimekata, usinilipe."

Verdiane alipanda pikipiki na mbao zake nane zilezile. Njia nzima alikuwa akijitukana moyoni kwa maneno ambayo hangemwambia hata adui.

*

Siku ya tatu ule ubao uliong'aa ulikuwa umejikunja, na juu yake vinyweleo vya mti vimesimama. Verdiane aliuleta mwenyewe mbele ya mumewe, kwa sababu hakujua kuficha kitu. Narcisse aliupapasa kwa mkono wa kushoto, akaunusa.

"Uliiosha?"

"Niliiosha."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

Narcisse akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na Verdiane naye akacheka kwa kuona ameponea, lakini baada ya muda akagundua kwamba mumewe hacheki tena, analia. Akakaa karibu naye. Mumewe akajipangusa kwa mkono wa kushoto.

"Kisu ilikuwa inakata ikienda na ikirudia?" akauliza Narcisse.

"Njo vile. Kulikuwa njia tatu. Tulichukua ile ya mbio."

"Hapo njo ilikosea. Ubao iko kama nywele. Ukichanua kinyume inasimama." Akapima unene wa mbao saba zilizobaki kwa vidole viwili. "Hizi zimebakiza kukatwa mara moja tu. Tukikosea tena, hazitabeba fromaji, zitavunjika. Nitaenda mimi."

Mbao saba ndizo zilizohitajika kujaza rafu yao. Sita zisingetosha. Wakazipanga kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, na kila asubuhi Narcisse akawa anatoka kuzitazama kabla ya kumtazama mtu.

*

Siku nane zilipoisha, dereva wa pikipiki alimfunga Narcisse mgongoni mwake kwa kitenge, kama mtoto anavyobebwa, maana mkono mmoja hautoshi kujishikilia katika barabara ile. Walipita hivyo, Verdiane akifuata na mbao saba kwa pikipiki nyingine, katikati ya soko la Kitshanga, siku ya soko, mbele ya watu waliomjua alipokuwa akija kuuza ndama. Wengine walimsalimia. Narcisse alijifanya amelala.

Pale karakana seremala mmoja alimwinamia, akampigia kelele pole pole, "PAPA, UNANISIKIA?" kana kwamba kiharusi kilikuwa kimempiga masikioni.

"Ninakusikia tangu uko kule mbali Sake," Narcisse akamjibu, na wenzake wakamcheka yule bwana.

Mukundwa alimwekea kiti mbele ya kioo, akamchorea upya zile njia tatu. Narcisse hakuhitaji muda. Aliweka kidole kwenye ile ya tatu.

"Hii. Kila musitari ipande nusu ya mwenzake, isiache alama. Na ikate kidogo sana."

"Nusu milimita, Papa. Sasa niambie kila ubao ianzie kichwa gani. Hapo mashini haijue. Nitagusa kwanza pa kona kidogo na kisu. Tukiona nyuzi zinasimama, tunageuza."

Narcisse alitazama ubao wa kwanza, akaupitishia gumba la kushoto. "Huku." Mukundwa akagusa kona, ikatoka safi, akaiachia mashine. Kisu kilikwenda kikikata hadi mwisho. Kikainuka. Kikarudi juu juu bila kugusa, kikashuka, kikaanza mstari mwingine.

"Verdiane," Narcisse akasema kwa sauti ndogo, "uone. Inainuka."

Verdiane aliona. Aliona mtu mwenye mikono miwili, kijana, jasho shingoni, akisukuma, akiinua, akirudi nyuma hatua mbili. Aliikumbuka harufu ya wiki ile na nyimbo alizokuwa akiimba bila kujua kwamba anaimba. Akageuka ukutani ili mashine imalize bila machozi yake kuonekana. Narcisse aliendelea kutazama kisu, na bega lake la kulia, lile lililokufa, lilikuwa likitaka kwenda nacho.

Ubao wa pili alisema huku, ikawa huku. Wa tatu na wa nne vilevile. Maseremala wakaacha kazi zao, wakasogea. Mmoja alishusha pumzi kwa mshangao, na Narcisse akanyoosha shingo kidogo, kama enzi zake.

Ubao wa tano alisema uanzie kushoto. Mukundwa akagusa kona, nyuzi zikasimama. Akaugeuza, akagusa kona nyingine, zikasimama tena.

"Pole pole, Papa. Uangalie tena."

Narcisse akapitisha gumba, mara moja, mara ya pili. Zile nne za mwanzo alikuwa amezitambua kwa macho, kwa madoa na rangi zake. Hii na mbili zilizobaki alikuwa akizisoma siku zote kwa gumba la kulia. Gumba la kushoto lilikuwa kama la mtu mwingine. Akajaribu mara ya tatu, jenereta ikinguruma nje ikila mafuta.

"Sijue tena," akasema.

Wanaume wakaanza kutafuta misumari ambayo haikupotea. Mbao nne zilikuwa zimepona, tatu zilikuwa juu ya meza, na bila hizo tatu Euphrasie asingenunua tena jibini yao.

Verdiane alisogea. Aliivua shuka iliyokuwa mabegani mwake, akaukunja upindo wake, akaupangusa ubao kutoka kichwa kimoja, kisha kutoka kichwa kingine. Alifanya haraka, kama mtu anayefuta meza wageni wakiwa mlangoni.

"Hii inaanzia huku, lakini musiguse pa kona. Pa kona iko na kidonda ya zamani. Guseni fasi ya katikati."

Mukundwa akagusa katikati. Ilitoka safi.

Ubao wa sita hakuhitaji hata kuupangusa. "Hii iko na jicho ya tawi mu katikati. Nyuzi zinatoka pa vichwa zote mbili na kukutana pa jicho. Ukiikata yote upande moja, nusu itaharibika."

"Basi naichorea njia mbili," Mukundwa akasema, kalamu tayari mkononi. "Nusu hii ianzie huku, nusu ingine ianzie kule, zikutane pa jicho."

"Njo vile."

Narcisse alikuwa akimtazama mkewe. Ubao ule wenye jicho alikuwa akiupiga randa kutoka vichwa viwili kwa miaka ishirini na sita, na aliamini kwamba duniani siri hiyo anaijua yeye na Mungu.

"Ulijulia wapi?" akamwuliza.

"Kwa kitambaa. Ukipangusa vizuri inapita. Ukipangusa kinyume inashikwa. Kila asubui, mbao munane."

"Juu nini haukusema ata siku moja?"

Verdiane alikuwa ameshaushika ubao wa saba. "Wewe njo ulikuwa fundi," akasema. "Na haukuniuliza."

Hakusema kwa uchungu, wala hakukusudia kumkata mtu. Lakini Narcisse aliona haya, na safari hii si kwa ajili ya mkono. Alikumbuka asubuhi zote alizosimama na gumba lake juu ya mbao akiwaza kwa sauti, "hii sijui huku, sijui kule," na mwanamke mwenye jibu akipita nyuma yake na ndoo ya maziwa.

*

Jumamosi Euphrasie alifika mapema. Wafugaji walikuwa wamepanga mstari, vikapu chini, na kila mmoja alikuwa na jicho moja kwenye jibini yake na jingine kwenye jibini ya Narcisse. Habari za Euphrasie kutishia kununua kwa wengine zilikuwa zimeshazunguka kilima kizima.

Alipindua ya kwanza. Ilikuwa kavu na sawa chini. Akapindua ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Akaomba aone ubao, akaletewa mmoja, akaupitishia kiganja mara mbili.

"Papa Shyaka!" akapaza sauti ili wote wasikie. "Kumbe mukono imepona! Hii njo kazi yako ya zamani. Mungu iko mukubwa."

Watu wakapiga makofi. Verdiane, aliyekuwa amesimama kando na beseni, aliinamisha macho. Alikuwa tayari kumwachia sifa hiyo. Angeibeba siri mpaka kaburini na asione kwamba amebeba kitu. Narcisse alilijua hilo, na kwa muda alitamani sana kuichukua. Ilikuwa miaka mitatu hajapigiwa makofi.

"Hapana, Mama Euphrasie," akasema. "Mukono haijapona. Iko hapa mu koti. Mbao zilikatwa na mashini kule Kitshanga, na mwenye aliionyesha njia ni bibi yangu, Verdiane. Mimi nilishindwa. Yeye njo fundi wa hizi mbao."

Euphrasie akacheka akidhani ni utani, akatazama nyuso za watu, akaacha kucheka. Akaanza kupanga jibini kwenye kreti zake, zote, bila kuacha hata moja. Narcisse akaketi kwenye benchi. Alijisikia mwepesi, na pia mtupu, na hakujua ni kipi zaidi.

Hapo akaja Nzabandora, jirani yao wa kilima cha pili. Kila mara alipopata shida ya mbao, alianza kwa kumsalimia Narcisse na kumwuliza habari za ng'ombe. Safari hii alikuja moja kwa moja, kofia mkononi, akafika kwenye benchi, akaona njia ya kumfikia Verdiane imezibwa na miguu ya Narcisse.

"Mama Shyaka," akamwita Verdiane juu ya kichwa cha Narcisse, "ata mbao zangu zimepinda. Unaweza kuja kuniangalilia?"

Narcisse akaivuta miguu yake chini ya benchi ili mtu apite.